Chapati Nilizompelekea Mama Rukia

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimekwenda zake. Ilikuwa Jumamosi, mvua ya asubuhi imekatika, matope yameanza kukauka uani, nami nimechuchumaa mbele ya jiko la makaa napika chapati na kujiona mpishi hodari kuliko wote Riruta. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa na mume, Kamau, na mtoto mmoja, Gathoni, na chumba kimoja kwenye ploti ya Mzee Karanja, na ulimi wenye kiherehere cha kuonja.

Ploti ile ilikuwa na milango minane na mfereji mmoja wa maji. Mlango wa kwanza alikaa Mama Njoki, wa pili Wafula fundi wa viatu, wa tatu mimi, na wa nne, ukuta kwa ukuta nami, alikaa Mama Rukia. Wengine nawakumbuka vilevile, hata yule Achieng' aliyekaa miezi miwili tu, lakini hawamo katika haya ninayokueleza, basi nitawaacha wapumzike.

Mimi sikuweza kupika kitu kimoja mara mbili kwa namna ileile. Nilipika githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, nikaitia mchaichai. Nilikanda unga wa chapati kwa malenge yaliyopondwa, na hayo yalifaulu, mpaka leo napika hivyo. Chai ndiyo iliyoteseka zaidi. Niliichemsha na sukari iliyoungua, niliichemsha na maganda ya machungwa, na wakati mmoja niliichemsha na majani ya mpera, Kamau akashika kikombe, akanusa, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu mgonjwa humu ndani. Alikuwa mtu wa maneno machache, marehemu Kamau. Chakula kikimshinda alikula nusu, akasema ameshiba, kisha nikamwona anapita kwa Wafula kuomba muhogo wa kuchoma.

Aliyenifundisha chai ni Mama Rukia. Jina lake hasa ni Mwanaisha, kwao ni Mombasa, na mumewe, Bwana Athumani, alikuwa karani wa duka la nguo mjini, jioni akirudi anawasomesha watoto Kurani pale chumbani kwao. Siku ya kwanza aliponiona natumbukiza maji, maziwa, majani na sukari pamoja ndani ya sufuria, alisimama mlangoni mikono kiunoni akacheka. Akanionyesha kutwanga iliki na tangawizi, kuzichemsha peke yake kwanza mpaka maji yageuke rangi, ndipo majani, ndipo maziwa, na sukari mwisho kabisa. Mimi niliyekulia kwa chai ya maziwa tupu, nilipoonja ile niliomba kikombe cha pili. Nilikuwa nimekunywa chai maisha yangu yote na sikuwa nimeijua.

Tangu hapo sahani zikaanza kutembea. Yeye alinipa mahamri na mbaazi, mimi nikampa nduma na viazi vitamu kutoka shamba la mama mkwe. Kwao, na hata kwetu, sahani ya mtu hairudishwi bila kitu ndani yake. Kwa hiyo haikuwahi kukaa mahali pamoja. Ilikuwa kwake asubuhi, kwangu mchana, na hatukujua tena ni nani aliyeanza.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Ndugu yangu Njoroge alikuwa amepata kazi kwenye machinjio ya nguruwe. Jumapili moja alinijia na bonge la mafuta limefungwa kwa gazeti. Akaniambia niyayeyushe polepole, nichuje, nikaangie viazi. Niliyayeyusha. Yalipopoa yakawa meupe, laini, hayana harufu yoyote ya kusumbua, nikayatia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia nikaufunika. Ukiutazama ule mkebe pale juu ya rafu ungedhani umetoka dukani leo. Nilikaangia viazi, ndiyo. Lakini unanijua. Siku ya pili nikajiuliza, na chapati je?

Niliyakanda ndani ya unga, nikayapaka tena kabla ya kuviringisha, nikasukuma. Mwanangu, zile chapati zilichambuka kama kurasa za kitabu. Zililala mpaka kesho yake na zikawa bado laini. Mama Njoki alikula moja akaniuliza nimezifanya nini. Nikacheka tu. Wafula akasema mke wake aje asomee kwangu. Nikacheka tena. Nilikuwa nimezoea kusikia ploti nzima ikizisifu chapati za Mama Rukia, na sasa wanazisifu zangu, na utamu wa sifa zile ulinikolea kuliko chapati zenyewe.

Na ile Jumamosi niliyoanza nayo, sahani ya Mama Rukia ilikuwa kwangu. Nikaiosha, nikaweka chapati nne. Nikazifunika kwa kitambaa kisafi nilichokuwa nimekishona mwenyewe, nikampelekea mlangoni kwake, na nilitembea zile hatua tano kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

Najua unachotaka kuniuliza. Je, sikujua kwamba watu wale hawali nguruwe? Nilijua. Kila mtu pale alijua. Lakini kichwani mwangu nguruwe alikuwa ni nyama, ile inayoning'inia bucha. Haya yaliyo kwenye mkebe yalikuwa mafuta. Nilikuwa nimeyayeyusha, nimeyachuja, nimeyatia kwenye mkebe wenye picha ya alizeti, na kufikia siku ile nilikuwa nimeshaacha kabisa kufikiria yalikotoka. Nilikuwa nafikiria matabaka ya chapati. Yeye sikumfikiria.

Siku tatu zikapita. Jumanne Mama Rukia akaja kwangu, akaketi kwenye kigoda, akamchukua Gathoni mapajani. Akaniambia Bwana Athumani alikula mbili peke yake akalalamika kwamba hazikutosha. Tukacheka. Kisha akaniambia lililomleta. Jumapili ijayo ingekuwa mwaka mzima tangu baba yake afariki. Wangefanya kisomo cha kumkumbuka pale nyumbani, walimu wenzake Bwana Athumani wa Kurani wangekuja kutoka mjini, na yeye angependa mimi ndiye nipike chapati.

"Wako wanawake wa kwetu kule mjini ningeweza kuwaomba," akasema. "Lakini nimemwambia mume wangu, kwa Mama Gathoni nakula nimefumba macho."

Aliposema hivyo, macho yangu yalikwenda juu ya rafu. Nikauona mkebe. Nikakumbuka kilichomo ndani yake.

Niliitikia kwa kichwa, nikamwambia nitapika, nikamsindikiza mlangoni. Nikarudi nikaketi pale pale alipokuwa ameketi. Kisha nikaushusha ule mkebe, nikaufunga kwa gazeti, nikaenda kuutupa kwenye shimo la taka nyuma ya ploti, kana kwamba kosa lilikuwa limo humo ndani na sasa limeondoka.

Siku mbili nzima nilijipangia. Za Jumapili nitazipika kwa mafuta mapya ya dukani, nitayanunua mwenyewe. Na zile nne zimeshaliwa, hakuna ajuaye, hakuna aliyeugua. Nikimwambia nitamuumiza bure. Nikinyamaza tutabaki marafiki. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikiosha vyombo, nikifua, nikimnyonyesha mtoto. Jambo likiwa kweli halihitaji kuambiwa mara nyingi hivyo.

Alhamisi mama mkwe akaja kutoka Thogoto na kikapu chake cha mboga. Jina lake ni Gathoni, ndilo mtoto wangu alilolichukua kama ilivyo desturi yetu, binti wa kwanza huitwa kwa mama yake baba. Na kwa kuwa nilimzaa mwenye jina lake, alikuwa na utani wa kuniita "mama". Mama, niletee maji. Mama, mbona umekonda? Alikuwa mwanamke wa kanisa, mnyoofu, hamwogopi mtu, na nilidhani yeye ndiye atakayenielewa. Nilidhani atasema hayo mambo ya watu wa dini nyingine yasinisumbue. Nikamweleza yote huku tukichambua maharagwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikusimama.

"Chapati zimeshasagika tumboni, mama," nikamalizia. "Kuna faida gani kumwambia sasa?"

"Tumboni mwake zimesagika," akasema. "Mwako bado ziko nzima. Ndiyo maana tangu nifike hujala."

Nikamwambia naogopa kumpoteza. Hapo akaweka ungo chini. Na kwa mara ya kwanza tangu nimzae Gathoni, akaniita kwa jina langu.

"Wambui, yule anayekuja kugonga mlango huu anamtafuta mwanamke anayemlisha kwa moyo mweupe. Wewe unamfungulia tu, unakaa kwenye kiti cha huyo mwanamke kana kwamba ndiye wewe, unakunywa chai yake. Huyo rafiki unayeogopa kumpoteza, unafikiri bado ni wako?"

Akachukua ungo wake akaendelea. Hakuniambia tena niende wala nisiende. Aliniuliza tu kama maharagwe haya nayapika leo au ni ya kesho.

Nilikwenda alasiri ileile, kabla Bwana Athumani hajarudi. Mama Rukia alikuwa anachambua mchele. Sikuketi. Nilisema yote nimesimama, kuanzia bonge la Njoroge mpaka shimo la taka, na nilisema haraka haraka kwa kuwa niliogopa nikipumzika nitaongeza kidogo cha kujitetea.

Akauweka mchele chini.

"Ulijua ni ya nguruwe?"

"Nilijua."

"Na ulijua ni mimi nitakayekula."

"Nilijua. Ila sikukufikiria, Mama Rukia. Nilifikiria chapati zangu."

Ningependa kukuambia alinikumbatia. Hakunikumbatia. Alisimama, akafungua mlango ulioegeshwa, akaushika hivi, nami nikatoka. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake, saa ya watu wote kuwa mferejini, Mama Rukia alitoka na karai. Ndani yake kulikuwa na sahani zote, sufuria, vikombe, mwiko, na kile kikaango chake cha chuma. Akachota udongo safi pembeni mwa ua, akausugulia kila chombo, kisha akaosha kwa maji. Halafu maji tena. Na tena. Nilikuwa mlangoni kwangu nikihesabu, na kila chombo kilipita mara saba. Ndivyo dini yao inavyosema. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi. Mama Njoki akamuuliza kwa sauti ile yake ya kuamsha majirani, "Mama Rukia, kwani vyombo vyako vimefanyaje?"

Nikashika mlango. Mwanangu, neno moja tu lilikuwa linatosha. Ploti nzima ingejua, Mzee Karanja angejua, na nani angekula tena kwangu? Nani angesalimiana nami?

"Nasafisha, Mama Njoki," akasema. "Tuna wageni Jumapili."

Basi. Hakuinua hata kichwa kunitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nimemkosea, na yeye ndiye aliyenifunika. Nilichukua ndoo yangu, nikaanza kumchotea maji. Hakunizuia wala hakunishukuru. Nilichota, nikamimina, nikachota, mpaka chombo cha mwisho.

Bwana Athumani alikutana nami jioni akanisalimu kama kawaida. Akaniambia kwamba mtu aliyekula bila kujua hana dhambi, wao hawana hofu juu ya hilo, na kwamba nilifanya vyema kusema. Kisha akaongeza polepole kwamba mkewe nimpe muda. Jumapili kisomo kikafanyika. Walikuja wanawake wawili kutoka mjini wakapika. Nilikaa chumbani kwangu na Gathoni, nikisikia sauti za dua kupitia ukutani na harufu ya pilau ikiingia, na hakuna aliyebisha hodi. Ilikuwa haki. Sikulia kwa kuonewa, nililia kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumlaumu.

Wiki zikaenda. Nilikuwa nimeacha majaribio yangu yote. Nilipika ugali na sukuma wiki, ugali na sukuma wiki, mpaka Kamau, yule wa kushiba kwa nusu sahani, akaniuliza kama yale majani ya mpera yameisha.

Ndipo asubuhi moja, nikianika nguo, nikamsikia Mama Rukia nyuma yangu.

"Mama Gathoni. Una kazi?"

Nikasema sina.

"Njoo unikandie unga. Hapa kwangu."

Nikaingia. Unga ulikuwa wake, chumvi yake, maji yake kwenye mtungi, mafuta yake kwenye chupa, kikaango chake. Mimi nilikuja na mikono tu, na hiyo mikono aliniambia ninawe kwanza. Akaketi kwenye kigoda karibu kabisa, akatazama kila nilichogusa. Nilikanda akiangalia, nikaviringisha akiangalia, nikageuza akiangalia. Sijawahi kupika nikiwa na woga kama ule, hata siku ya harusi yangu. Chapati ya kwanza ilitoka ngumu kama soli ya Wafula. Nikamwambia hii ni ngumu. Akaigeuza, akaitazama, akasema, "Ngumu kweli," kisha midomo ikamcheza, naye akaanza kucheka, nami nikacheka huku machozi yanadondokea kwenye unga wake, akanifokea kwamba unga tayari una chumvi.

Usidhani mambo yalirudi kama zamani. Kwa miaka tisa tuliyokaa pale, kila nilipompelekea chakula, nilisimama mlangoni nikamtajia kilichomo. Hakuniomba kufanya hivyo, nilianza mwenyewe, naye hakuniambia niache. Maharagwe, Mama Rukia, na kitunguu, na nyanya mbili, na mafuta ya mahindi, chumvi, maji. Alinisikiliza kila mara mpaka mwisho, hata pale tulipokuwa tumeshazeeka katika urafiki na watoto wetu wanacheka mchezo wetu ule. Nikishafika kwenye maji, ndipo yeye husema Bismillahi, akamega.

Nami bado najaribu vitu, mwanangu, usinione hivi. Juzi mjukuu wangu Nyokabi, anayekaa ghorofani kule Westlands, aliniletea majani ya rozimari nikayatia kwenye chai pamoja na tangawizi, na si mabaya, ila usizidishe. Yeye naye ana mkono wangu. Alipika mchuzi wa kuku akasagia njugu ndani, akaalika wenzake wa kazini, na msichana mmoja alipomuuliza huo utamu umetoka wapi akamjibu ni siri ya mpishi. Nilikuwa nimeketi pale pale mezani. Nikamwambia, Nyokabi, sema. Akacheka akidhani shosho, bibi yake, anaharibu starehe. Nikamwambia tena, sema sasa hivi, kabla hajaweka kijiko mdomoni. Yule msichana aliposikia njugu aliweka kijiko chini, akasema njugu humziba pumzi, asante. Hakuna zaidi kilichotokea, na hivyo ndivyo ninavyopenda itokee.

Basi nasaha yangu ni hii. Jaribu. Tia malenge kwenye unga, tia maganda kwenye chai, haribu sufuria mbili tatu, jikoni ni mahali pa kuchezea na sitaki kusikia umepika kitu kimoja mwaka mzima. Lakini kabla hujampakulia mtu, acha kuitazama sufuria, umtazame yeye. Ni nani huyu? Anakula nini, hali nini, na kwa nini? Mtu anayekula kwako amekukabidhi mwili wake na imani yake bila kukudai ushahidi. Usimfanyie siri. Sifa ya upishi ni tamu, naijua, lakini isiwe tamu kuliko huyo anayekula. Na ukikosea, maana utakosea, usikae ukipima kama atajua. Nenda ukamwambie mwenyewe, kwa miguu yako, mapema, useme nilikosea na usiongeze kitu. Huenda akafunga mlango. Mwache aufunge, ni mlango wake. Wewe mchotee maji.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na kila inachokanda. Akupe majirani wa kukuonjesha na wa kuwaonjesha, akupe moto usiozimika na unga usiopungua, na kila atakayeketi kwako ale kwa amani, anyanyuke kwa amani, na atamani kurudi.